Tarishi na Baruti Tupu

Mtaa mzima tulimwita Tarishi. Hata mkewe, akimwita aje kula, alisema, "Tarishi, chakula tayari," na yeye akaitika kwa furaha kama mtu aliyeitwa sultani. Kazi yake ilikuwa kubeba mafaili bomani, kuyatoa chumba hiki kuyapeleka chumba kile, na kumpelekea mzungu wake chai. Basi. Lakini akishapanda baiskeli yake jioni kurudi Temeke, kila alipovuka mtaa mmoja alijipandisha cheo kimoja, na akifika kwetu alikuwa ameshakuwa serikali yenyewe.

Alizaliwa wapi, na nani, mie hayo sikuyauliza wala siyataki. Ilitosha kujua kwamba alikuwa mtu wa bara, na sie Wazaramo ni watani wake. Utani huo ndio uliomlea. Mtu mwingine angefanya nusu ya aliyoyafanya yeye angekwisha kupigwa mawe. Yeye kila akifanya upuuzi watu walisema, "Mwacheni, mtani huyo," wakacheka, wakamkaribisha chai.

Na upuuzi wake mkubwa ulikuwa bastola.

Alipewa na mzungu mmoja wa mambo ya michezo aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Ni ile bastola ya kuanzishia mbio: wakimbiaji wanainama mstarini, mtu anainyoosha juu, paa! wanachomoka. Ndani inatiwa fataki ndogo za baruti. Inalia kama bunduki, inatoa moshi kama bunduki, inanuka kama bunduki, ila haitoi kitu. Mkononi ilikuwa nzito na nyeusi, na mtu asiyejua asingeweza kuitofautisha na ile ya inspekta. Sie tulikuwa hatujui. Yeye mwenyewe, kama mtakavyosikia, hakuwa anajua sana kutushinda.

Kazini hakuthubutu kwenda nayo, asilani. Ilishinda chini ya mto. Lakini Jumamosi mchana kazi ikiisha, alikuwa akioga, akivaa kanzu, halafu juu ya kanzu anafunga mkanda wa ngozi wenye mfuko wa bastola. Jamani, mkanda wa askari juu ya kanzu! Sijaliona jambo hilo kabla yake wala baada yake. Anatoka hivyo hivyo, kifua mbele, anapita barazani kwa watu mmoja mmoja. Hakuna aliyemwalika. Akikaa, kwanza anauweka mkono kiunoni, ili aliyekuwa hajaiona bastola aione, ndipo anaamkia.

Aliwahi kumpigia mbuzi wa jirani aliyeingia kwenye mabamia yake. Mbuzi alikimbia hadi Keko, tukamtafuta siku nzima. Aliwahi kuwapigia watoto waliokuwa wakicheza mpira wa matambara mbele ya nyumba yake, ati wanamvunjia heshima. Na siku moja tulikuwa bombani, foleni ya ndoo imenyooka mpaka njiani, mkewe akafika akataka kuchota mbele ya wote. Tukamwambia, "Dada, foleni hiyo." Akaenda zake. Punde si punde akaja mumewe na kanzu yake na mkanda wake, akasimama juu ya jiwe la bomba, akapiga paa! Wanawake wazima tulitawanyika kama kuku. Ndoo zikamwagika. Bi Mwanahawa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alianguka akateguka mkono, na mkono ule mpaka anakufa haukupata kukamua nazi sawasawa.

Nikamwendea Tarishi nikamwambia, "Wee, una akili? Ungemuua mtu!"

Akanijibu kwa utulivu kabisa, "Shemeji, kwa mujibu wa sheria, mtu akianguka mwenyewe, kaanguka mwenyewe."

Hiyo ndiyo ilikuwa nyimbo yake, "kwa mujibu wa sheria." Kuku akitaga kwa jirani, yai ni la nani kwa mujibu wa sheria. Mke akinuna, afanywe nini kwa mujibu wa sheria. Mvua ikinyesha wakati tumeanika mpunga, angetafuta kifungu. Sheria hizo alizipata wapi? Alizipata mlangoni. Alikuwa akisimama nje ya ofisi ya mzungu akingoja faili, akisikia vipande vya maneno mlango ukifunguliwa, na mlango ukifungwa anayamalizia mwenyewe. Tena alikuwa na misemo yake. "Sheria haina mjomba." "Serikali hailali, inasinzia tu." Watu wakiisikia wanatikisa vichwa, ati msomi. Msomi gani, na faili lenyewe alikuwa akilibeba kichwa chini miguu juu!

Kuhusu bastola ile alikuwa na sheria mbili. Akitaka tumwogope, ilikuwa silaha ya serikali, amekabidhiwa, na risasi zake zimehesabiwa. Akija askari wa doria kuuliza ni nani kapiga, sheria inageuka. "Afande, hii siyo silaha. Hiki ni chombo cha michezo. Baruti tupu, afande, moshi tu." Sauti imelainika, mabega yameshuka, anaitoa kwa vidole viwili kama mtu anayeshika panya. Askari anaitazama, anacheka, anamrudishia, anaondoka. Naye askari akishapinda kona tu, Tarishi anatugeukia: "Mmeona? Hata polisi hawaigusi." Na kuna watu walikuwa wakiamini! Wameona kwa macho yao, wamesikia kwa masikio yao, bado wanaamini.

Nisimsingizie, maana Mungu yupo. Alikuwa na mama yake mzee, kapooza upande mmoja, na Tarishi alikuwa akimwogesha mwenyewe, akimbeba mgongoni kumpeleka uani, akimlisha uji kwa kijiko. Hakumwachia mkewe kazi hiyo. Nimemwona kwa macho yangu, hakuna aliyenihadithia. Na mama yake alipofariki alilia kilio cha kweli, si cha kuonyesha watu. Hilo nimpe. Lakini mtu kumpenda mama yake si ajabu, hata nyani anampenda mama yake.

Na jingine: huyu mpiga bastola alikuwa akiogopa radi. Wallahi. Masika ikianza kunguruma tu, Tarishi yu mvunguni. Mume wangu ndiye aliyemtengenezea kitanda, na alipokuja kukipima aliomba miguu yake irefushwe. Mume wangu akauliza kwa nini. Akasema kwa ajili ya hewa.

Sasa nimseme mume wangu, maana habari hii ni yake. Alikuwa fundi wa vitanda vya kamba. Hapakuwa na fundi Temeke nzima wa kumfikia katika kusuka kitanda. Kamba zake zilikuwa hazilegei, unalala juu yake miaka na miaka. Mtu mpole, mcheshi, asiyejua kumdhania mtu ubaya. Alimpenda Tarishi. Mie nikisema, "Baba Zuhura, huyu mtu hana maana," yeye anacheka: "Mtani wangu huyo, Mama Zuhura. Mtani hanuniwi." Basi kila sikukuu Tarishi alikuwa kwetu. Pilau yangu ameila, futari yangu ameila. Akimaliza anachokonoa meno, anatoa bastola, anamwelekezea mume wangu kifuani: "Mtani, nikulipue?" Na mume wangu anainua mikono, anajitupa mkekani, "Nimekufa! Nimekufa!" Wanacheka mpaka machozi. Mie sikucheka. Nilikuwa naondoa sahani.

Mume wangu naye alikuwa na bunduki, ila yake ilikuwa gobori. Ile ya zamani, ya kushindilia baruti kwa mdomo. Alirithi kwa mjomba wake. Tulikuwa na shamba la mihogo Mbagala, na mjomba alikuwa akifukuzia nguruwe. Lakini kazi kubwa ya gobori lile ilikuwa sherehe. Kwetu, mwali akitolewa nje, au bibi arusi akivuka kizingiti, baruti lazima ilie. Halitiwi risasi, hapana. Ni baruti na matambara ya kushindilia, linaelekezwa juu, linapigwa. Mlio ule ndio unaowaambia watu wa mbali kwamba mtoto wa watu katoka salama. Arusi isiyolia baruti, wazee walikuwa wakisema, imeibiwa.

Mjomba alikuwa na cheti cha bomani, jina lake, kila mwaka anakikata upya. Mjomba akafa. Gobori likaja kwetu, cheti kikafa na mwenyewe. Na miaka ile serikali ilikuwa imeshikwa na hofu ya fujo za Kenya, bunduki zilikuwa zinatafutwa hadi kwenye paa za makuti. Mume wangu akasema, "Kabla ya arusi ya dada yangu lazima niende bomani nikakate cheti." Alikuwa ameshavaa. Kofia iko kichwani. Ndipo akaingia Tarishi.

"Unakwenda wapi, mtani?"

"Bomani. Cheti cha gobori."

Tarishi akacheka, akakaa, akajivuta. "Nyie watu wa pwani mnapenda kujipeleka kwenye makucha ya serikali wenyewe. Unatia risasi?"

"Sitii. Ni baruti tu, ya arusi."

"Basi hiyo si bunduki. Kwa mujibu wa sheria bunduki ni risasi. Baruti tupu ni kelele, kama ngoma. Unakata cheti cha ngoma? Hii yangu unaiona, nina cheti mie? Na mkubwa wangu anajua ninayo. Ukienda kule, mtani, utawafungua macho, watakunyang'anya. Kaa. Piga baruti yako. Wakikuuliza, sema Tarishi kaniambia."

Niliyasikia yote. Nilikuwa pale pale mlangoni, nachambua mchele. "Wakikuuliza, sema Tarishi kaniambia." Mume wangu akavua kofia, akaitundika.

Arusi ikaja. Alasiri, nje kumejaa, bibi arusi anavushwa kizingiti, mume wangu akalipiga gobori mara moja, vigelegele vikapanda. Hata moshi haujaisha, askari wawili wakatokeza. "Bunduki ya nani? Cheti kiko wapi?" Mume wangu akatabasamu. Masikini ya Mungu, akatabasamu! Akasema, "Afande, hii ni baruti tupu, haina haja ya cheti. Muulizeni Tarishi yule pale." Tukageuka wote. Tarishi alikuwa amekaa pale penye sinia la pilau. Tulikuta sinia tu. Na mkanda wake ule mtu hakuuona tena siku ile.

Wakamchukua mume wangu na kanzu yake ya arusi.

Siku ya kwanza ya kesi hakimu alikuwa mzungu mmoja mwembamba, na sitamsema vibaya. Mume wangu akaeleza yote kwa mkalimani: ametaka kukata cheti, akazuiwa na mtumishi wa bomani, na huyo mtumishi anayo bastola yake ya baruti tupu na hakamatwi. Hakimu akasikiliza. Akasema kutojua sheria si kinga. Lakini akasema pia, na mkalimani akarudia ili tuelewe: "Kama kweli mtumishi wa serikali ndiye aliyekupoteza, aje aseme hapa. Akisema, nitakuonya, nitalichukua gobori, utakwenda nyumbani. Asiposema, utakwenda jela. Na hiyo bastola yake aje nayo niione." Nikasimama nikasema mie nilisikia. Akauliza mie nani. Nikasema mkewe. Akanitazama kwa huruma, akaniambia nikae.

Kwa hiyo mume wangu alikuwa akining'inia kwenye neno moja la Tarishi. Neno ambalo lilikuwa halimgharimu kitu, alikwisha kulisema mara mia barazani bila kuombwa.

Nikamwendea kwake. Nilimkuta anaosha baiskeli, anang'ang'ania spoki moja moja asinitazame.

"Shemeji, mambo haya ni mazito," akasema.

"Mazito, ndiyo maana nimekuja. Useme tu ulichosema. Useme, 'Mie ndiye niliyemwambia.' Ataachwa, hakimu kaahidi."

"Nikisema hivyo wataniuliza, nani kakuruhusu kutoa ushauri wa sheria?"

"Si unautoa kila siku?"

"Huo wa mtaani."

Nilitaka kumkaba. Lakini mwenye shida hana ubavu, nikapiga magoti. Ndiyo, mie, mbele ya baiskeli ya yule mtu, magoti chini kwenye tope la sabuni. Nikamwambia, "Ndugu yangu, umekula kwangu. Zuhura anakuita baba mdogo. Usimtupe." Akaniinua, na machozi yakamlengalenga. Akasema, "Nitakwenda, shemeji. Mtani hamtupi mtani." Nikarudi nyumbani nikalala usingizi. Nilimwamini! Mie niliyekuwa namjua kuliko wote.

Alikuja mahakamani, hilo alilitimiza. Kaki imepigwa pasi, tarabushi nyekundu, viatu vinang'aa. Mume wangu alipomwona akiingia akatabasamu tena kule kizimbani.

Hakimu akamuuliza, "Unamjua mtu huyu?"

"Kwa sura tu, bwana mkubwa. Nampitia njiani."

Kwa sura tu! Pilau yote ile, kwa sura tu.

"Ulimwambia kwamba gobori halihitaji cheti?"

"Bwana mkubwa, mie ni tarishi. Sheria nitaijulia wapi?"

Mungu amsamehe, maana mie siwezi: lilikuwa neno la kwanza la kweli nililopata kulisikia kinywani mwake, na alilitumia kumfunga mtu.

Nikapiga kelele, "Mwongo! Mnafiki mkubwa wee!" Askari akanishika mkono akanitoa nje, nikasikilizia dirishani. Humo ndani walikuwa Wazaramo ishirini thelathini wa Temeke waliokuja kusikiliza, na kila mmoja amepata kupigiwa ile bastola karibu na sikio. Hakuna aliyenyanyuka. Waliogopa kuulizwa na wao.

Halafu hakimu akaomba bastola. Akaigeuza, akachungulia mdomoni, akamwita karani naye achungulie. Akacheka kidogo puani. Akasema, na mkalimani akatafsiri polepole, kwamba mdomo wa bastola hii umezibwa kwa chuma tangu kiwandani. Haiwezi kutoa risasi hata mtu afanye nini, na ndiyo maana haihesabiwi bunduki. Lakini gobori mdomo wake wazi. Leo ni baruti tupu, kesho mtu anadondosha risasi. Kwa hiyo gobori ni bunduki siku zote, likiwa na risasi au halina, likipigwa arusini au likitundikwa ukutani. Tofauti ni huo mdomo. Akasema pia kwamba hata iliyozibwa, mtu akimtishia nayo mwenzake ni kosa. "Umepata kumtishia mtu?" "La, bwana mkubwa. Mie ni mtu wa amani."

Niliuona uso wa Tarishi kupitia dirishani wakati wa yale maneno ya chuma. Alishangaa kuliko sie. Miaka yote ile kaifunga kiunoni, kaipiga juu, kawaelekezea watu vifuani, wala hajapata kuigeuza akaichungulia. Alikuwa anauogopa mdomo wa bastola yake mwenyewe. Angeichungulia siku moja tu angeijua tofauti. Badala yake akachukua ruhusa ya kitu chake kilichozibwa akampa mume wangu mwenye kitu kilicho wazi.

Mume wangu akafungwa. Gobori likachukuliwa. Tarishi akarudishiwa bastola yake na onyo, akapanda baiskeli, akaenda kazini. Hakuchelewa hata chai.

Jela walimtia kwenye kupasua kokoto. Aliporudi kifua kilikuwa kimejaa vumbi, na vidole vimekakamaa, havipindi. Kitanda cha kamba kinasukwa kwa vidole; unavuta, unabana kwa kidole gumba, unavuta tena. Alijaribu kitanda kimoja. Kamba zikalegea kabla mwenyewe hajaja kukichukua. Akakifumua, akaniambia nimpe mtu zile kamba. Tukabaki na mihogo, na nguruwe wakaila nusu, maana hakukuwa tena na cha kuwafukuzia. Mie nikaanza kukaanga mihogo na kuuza. Nimekaanga mihogo mpaka kope zikaungua.

Na hamtaamini, alikuja kumpa pole! Siku ile ile alipotoka jela, Tarishi huyo mlangoni, na samaki wawili kwenye ukindu. "Mtani, karibu uraiani. Sheria haina mjomba, bwana." Mume wangu akamkaribisha. Mie nikawachukua wale samaki nikawatupia paka mbele yake, akiwatazama. Mume wangu akanigombeza baadaye, ati mtani hanuniwi. Nikamwambia, "Wewe usinune. Nitanuna mie kwa ajili yetu sote wawili."

Faida moja tu ndiyo iliyopatikana. Bastola ilikufa. Habari za ule mdomo zilifika Temeke kabla ya baiskeli yake. Alipojaribu kuitoa tena bombani, Bi Mwanahawa, na mkono wake ule mbovu, alimsogelea akamwambia mbele ya watu, "Hebu tuichungulie, Tarishi. Geuza huku." Wanawake wakaangua kicheko, na watoto wakaanza kumwimbia, "Imezibwa! Imezibwa!" Alihamia Kinondoni mwaka ule ule, kwa shemeji yake. Nasikia huko nako alianza upya na mkanda juu ya kanzu. Watu wa Kinondoni wana moyo.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Mwingereza alikuwa bado yupo, ila ameanza kufunga mizigo. Nilikuwa hospitali mjini, kwenye benchi la dawa, nimefuata ya kifua ya mume wangu kama kila mwezi. Pembeni yangu alikuwa amekaa mzee, macho yamevaa utando, anangoja ya macho. Nikaisikia sauti kabla sijamtazama. Alikuwa akimweleza kijana wa upande wa pili ni nani mwenye haki ya kuitwa kwanza, kwa mujibu wa sheria.

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Miaka yote ile nilikuwa nimeyapanga maneno nitakayomwambia. Nikikaanga mihogo nilikuwa nayapanga. Nikamgeukia.

"Unanijua?"

Akasogeza uso, akakunja macho. "Sauti kama naijua, bibi. Wewe wa wapi?"

"Temeke. Mume wangu fundi vitanda."

"Temeke nilikaa," akasema kwa uchangamfu. "Watu wema sana. Mafundi walikuwa wengi. Na mumeo hajambo?"

"Anakohoa. Alifungwa, akapasua kokoto, kokoto zikamwingia kifuani."

"Lo! Alifungwa kwa kosa gani?"

Nikamtazama vizuri. Nilidhani anajifanya, na huyu mtu kujifanya ilikuwa kazi yake. Lakini hapana. Nilijua kila hila yake, na hii haikuwa hila. Alikuwa anauliza kwa sababu alitaka kujua.

"Gobori," nikasema. "Alilipiga arusini, baruti tupu. Hakuwa na cheti."

Tarishi akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. Akanishika mkono, ule uliounguzwa na mafuta, akanipapasa kama mwanawe.

"Masikini," akasema. "Watu hawaulizi, bibi. Hiyo ndiyo taabu yetu, watu hawaulizi. Angekuja kuniuliza mie, asingefungwa."

Yale maneno yangu yote yaliyopangwa, hata moja halikuja. Dresa, yule mgawa dawa, akaita jina la mume wangu, nikanyanyuka, nikapokea chupa, nikatoka.

Nyumbani nikamkuta Baba Zuhura amekaa kibarazani, jua limempiga miguuni. Nikamweleza neno kwa neno. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza kucheka. Akacheka, akacheka, akajipiga paja kwa vile vidole vyake visivyopinda, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mgongo, nikampa dawa, akaimeza, akacheka tena.

Mie sikucheka. Mpaka leo sijacheka.